Sakafu ya Mto Haifagiwi

Natia mguu!
— Tia, tuko nyuma yako.
Nikiteleza?
— Tutakushika.
Nikinyamaza?
— Tutakukumbusha.

Basi sogeeni. Na wewe unayechokora moto, acha, cheche zinaniingia machoni. Ya leo si ya kuchekesha. Anayetaka kucheka aende kwa majirani, nasikia wana ngoma.

Hapo kale, kale ambayo bibi wa bibi yangu aliikuta imekwisha kupita, Mto alikuwa na sauti na watu walimsikia. Na sakafu yake, yaani pale chini mnapokanyaga mkioga, ilikuwa tambarare. Haikuwa na tuta, haikuwa na shimo, haikuwa na mkunjo. Mchanga ulipita juu yake tangu milimani hadi baharini bila kusimama, na hakuna chembe hata moja iliyojua kupumzika ni nini.

Watu waliishi huku, na watu waliishi ng'ambo. Kiangazi maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Watu walivuka, wakaposa, wakaoana, wakazikana. Mvua zikishanyesha milimani, basi, kila mtu abaki kwao. Maji yalipanda hadi magotini tu, lakini sakafu ile haikuwa na pa kushika mguu. Ukikanyaga unateleza, na ukiteleza umekwenda. Alikwenda ng'ombe. Akaenda mchungaji wa ng'ombe. Akaenda na ndugu aliyemfuata mchungaji. Mitumbwi ilikuwa bado haijajulikana, kwa hiyo msiniulize habari za mitumbwi.

Upande wa huku alikaa mjane mmoja, jina lake Somoe. Alikuwa mkunga. Mtoto aliyekaa vibaya tumboni, Somoe alipaka mikono mafuta ya nyonyo akamgeuza polepole, huku akizungumza naye kama anavyozungumza mtu na mgeni aliyekosea mlango. Wanawake wa pande zote mbili walimjua. Mwenyewe alijaliwa mtoto mmoja tu, binti aliyeitwa Sikudhani, na kiangazi kimoja Sikudhani akaolewa ng'ambo na kijana aliyeitwa Mkumba.

Mama yake Mkumba aliitwa Binti Kindamba. Huyu msimchukie. Najua mtataka kumchukia, lakini nawaomba msimchukie. Alikuwa mwanamke wa heshima, na heshima ya watu wa ng'ambo ilikuwa ufagio. Mkwe akija, njia yake ilifagiwa tangu mahali anapotokea hadi mlangoni, ili asikanyage nyayo za mtu mwingine. Wakishafagia, watu wote waliingia uani wakageuka, kwa sababu mkwe hakutazamwa mpaka akae mkekani. Ndivyo walivyolelewa.

Kabla ya mvua habari zikavuka: Sikudhani ana mimba. Somoe alifurahi, kisha akahesabu miezi kwa vidole, na furaha ikamwisha. Mtoto atazaliwa mvua zikiwa zimechachamaa.

Mvua zilipoanza akasuka nywele, akachukua unga mweupe, akaenda kwa Mto.

"Mto, naomba njia."

Mto akamjibu, "Njia ipo. Nani amekuzuia?"

Somoe akamwaga unga, akatia mguu. Akateleza. Maji yakamviringisha mpaka kwenye matete, akatoka akichechemea.

Siku nyingine akachukua kuku mweupe, akaenda.

"Mto, naomba njia."

"Njia ipo. Nani amekuzuia?"

Akamwachia kuku, akatia mguu. Akateleza tena. Safari hii kichwa kilizama, sikio likagusa sakafu, na kule chini akasikia kitu. Akasikia mchanga unalia. Chembe zilikuwa zinapita zikisema tumechoka, tumechoka, tumechoka. Somoe akashika mzizi, akajivuta, akaketi ukingoni akiwa ametota, na akili yake ikaanza kufanya kazi.

Mara ya tatu hakuchukua unga wala kuku. Alijitwika jiwe lake la kusagia, lile alilorithi kwa mama yake, lililochimbika katikati kwa kusagiwa miaka mingi. Hakuomba njia.

"Mto, mchanga wako unalia. Huusikii?"

Mto akasema, "Nausikia tangu nizaliwe. Nitaulaza wapi? Kwenye sakafu tupu hakuna pa kujisitiri."

Somoe akaingia hadi mahali pa kina cha goti karibu na ukingo, akaliweka jiwe chini, akalikandamiza. Akasimama kando akiwa ameshika tete.

Maji yakafika kwenye jiwe, yakapanda mgongo wake, yakashukia upande wa pili. Na pale nyuma ya jiwe, upande maji yanakokwenda, pakawa na utulivu mdogo wa kutosha kiganja. Chembe moja ikaangukia pale, ikalala. Jamani, ilikuwa chembe ya kwanza duniani kulala. Ya pili ikaja ikaifunika. Ya tatu ikaifunika ya pili. Pakainuka kituta. Na maji yalipokipanda kituta kile yakaruka, yakachimba kidogo mbele yake, na yalichokichimba yakakiweka mbele zaidi, pakawa kituta cha pili. Kutoka cha pili, cha tatu. Vikaenda vikizaana hivyo, vikarefuka kwenda kulia na kushoto, mpaka sakafu yote ya Mto ikawa na mistari kama shamba la viazi vitamu lililolimwa vizuri.

Na mchanga ukaacha kulia. Ukaimba. Wimbo wenyewe mnaujua, nisaidieni:

Panda mgongo taratibu,
— Panda.
Anguka upande wa pili,
— Anguka.
Lala, ndugu akufunike,
— Lala.
Tuta likipita, amka.
— Amka, twende.

Ndivyo unavyokwenda mchanga hadi leo. Chembe hupanda mgongo wa tuta upande wenye mteremko wa pole, ule unaoelekea maji yanakotoka. Ikifika kileleni huanguka upande wa pili, ule mkali. Pale hulala, na wenzake huifunika. Lakini nyuma yake maji yanachukua, mbele yanaweka, kwa hiyo tuta lenyewe linatembea polepole. Siku moja limekwisha kupita lote, chembe iliyokuwa chini kabisa inajikuta iko juu, maji yanaigusa, inaamka na kuendelea na safari.

Somoe akatia mguu. Nyayo zikapata pa kushika. Hakuinua miguu, aliiburuta, akalifuata tuta moja kama mtu anayefuata ukingo wa shamba, na kwa kuwa matuta yalilala kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, tuta lile likamfikisha ng'ambo.

Kabla hajatoka majini, Mto akamwambia maneno matatu. Haya Somoe aliyashika.

"Nikiwa mpole, utakuta vituta vidogo vya kukalisha vidole. Vuka. Nikiwa na nguvu, utakuta matuta makubwa. Vuka kwa uangalifu. Lakini siku nitakayopandwa na wazimu, sitajenga, nitabomoa, na sakafu itakuwa tambarare kama zamani. Ukikuta tambarare, rudi. Hata anayekuita awe nani, rudi."

Somoe akaingia kwa wakwe zake, na wakwe wakashangaa kumwona mvuani. Aliketi mkekani, akala, akashukuru. Akamshika Sikudhani tumbo. Mikono yake ikasimama mahali pamoja. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu.

Angebaki, mambo yasingeharibika. Lakini mama hakuruhusiwa kulala kwa mkwewe kabla uchungu haujaanza, na Somoe naye alikuwa na mpunga ambao ndege walikuwa wanaungoja kwa hamu. Wakakubaliana kwamba uchungu ukianza wapige ngoma, naye atafika kabla hawajachoka kupiga. Binti Kindamba akauliza atapitia wapi. Somoe akacheka, akasema njia yake sasa ni ile pale, katikati ya maji.

Yale maneno matatu ya Mto alimweleza binti yake peke yake, wakiwa wawili chumbani. Wengine hakuwaambia. Hakuficha, ila hakuona haja.

Nikinyamaza?
— Tutakukumbusha.
Nikumbusheni basi, maana hapa ulimi unakuwa mzito.

Uchungu ulianza asubuhi. Mkumba akakimbilia ngoma, akaipiga. Binti Kindamba akawaita mabinti wa nyumba zote, akawagawia fagio, akawaambia mkwe yuko njiani. Wakafagia uwanja. Wakafagia kijia cha mtoni. Wakafika kwenye maji, wakasimama, wakamgeukia Binti Kindamba.

Binti Kindamba akafikiri. Mkwe alikuwa amesema mwenyewe kwamba njia yake ni ile, katikati ya maji. Akafunga kanga kiunoni, akaingia majini wa kwanza.

Mabinti wakamfuata wakiwa wamepanga mstari. Walifagia matuta kwa fagio za makuti na kwa nyayo zao, wakishikana mikono, wakiimba. Maji ya mvua yalikuwa na rangi ya udongo, hawakuona wanachokifanya, lakini miguu iliwaambia kwamba sasa chini ni laini, na wakajisifu. Walifika hadi ukingo wa pili. Halafu wakarudi wakiwa bado wameshikana mikono, aliyeteleza akivutwa na wenzake kwa kicheko, wakaingia uani, wakageuka, kama walivyofundishwa.

Somoe alikuwa shambani, akitupia ndege mawe ya udongo. Alisikia ngoma, akaacha kila kitu. Alikuja na kibuyu chake cha mafuta ya nyonyo kifuani, akakimbia na umri wake ule. Akafika mtoni, akatia mguu.

Tambarare.

Akautoa mguu. Akauingiza mahali pengine. Tambarare. Akaenda hatua kadhaa juu, akauingiza. Tambarare, hadi pale nyayo zake zilipoweza kufika.

Ng'ambo hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Walikuwa uani, wamempa mgongo kwa heshima. Ngoma ililia. Somoe akaita, na Mto ni mpana, sauti ikafia njiani. Mto mwenyewe naye hakusema kitu, kwa sababu alikwisha kusema. Ukikuta tambarare, rudi. Hata anayekuita awe nani.

Ngoma ikalia mara ya pili. Somoe akasogea mbele, akakumbuka mchungaji na ndugu wa mchungaji. Akifa yeye, nani atamgeuza mtoto? Akarudi nyuma.

Ngoma ikalia mara ya tatu. Somoe akabaki amesimama palepale, mguu mmoja ukingoni na mmoja ndani ya maji, analia. Hakuweza kwenda, hakuweza kuondoka. Sijui kama kuna mahali pabaya pa kusimama kuliko pale.

Alisimama muda gani? Sijui. Alisimama hata akahisi kitu kinamtekenya kisigino. Akakiacha. Kikazidi. Akainama, akashika kwa mkono. Nyuma ya kisigino chake, upande maji yanakokwenda, palikuwa na kituta kidogo. Mbele ya kituta, cha pili. Akapapasa zaidi, akagusa cha tatu, na cha tatu kilikuwa kinakua mkononi mwake.

Hapo akaelewa. Mto mwenye wazimu hajengi. Huyu anajenga. Mto hajakasirika hata kidogo. Sakafu hii imesawazishwa na mikono ya watu.

Akavuka. Sakafu ilikuwa bado laini sehemu nyingi, akawa anakwenda kidogo, anasimama, anangoja kituta kimjengekee kisiginoni, anakikanyaga, anakwenda. Alipofika katikati ya Mto, ngoma ikanyamaza. Mlio wa maji ukabaki peke yake. Somoe hakuharakisha zaidi, kwa sababu hakuweza, na hakupunguza.

Alitoka majini akapita kwenye kijia kilichofagiwa, nyayo zake peke yake mchangani. Kwenye uwanja akaona fagio za makuti zimeegemezwa ukutani kwa mpangilio mzuri, zinachuruzika maji. Kwenye makuti kulikuwa na mchanga wa mtoni.

Ndani mtoto analia. Alikuwa msichana, ametoka kwa miguu, yuko hai. Sikudhani alikuwa amelala mkekani, bado ana joto, na damu haikuwa imekauka. Wakunga wa ng'ambo walifanya walichokijua, lakini hawakujua alichokijua Somoe.

Binti Kindamba alikuwa ameketi chini, mikono kichwani. Akasema bila kumtazama, "Mkwe, tulikufagilia. Tulikufagilia hadi ndani ya maji."

Somoe akasema, "Nimeona."

"Nilimwambia mwanetu, ili moyo wake utulie. Nikamwambia, mama yako anakuja, tumemfagilia hata mtoni. Akanishika mkono akasema, 'Msifagie mtoni. Yarudisheni matuta.' Akasema hivyo mara tatu. Mimi nikadhani uchungu ndio unaomsemesha. Nikampangusa uso."

Somoe akapiga magoti, akamfunika binti yake kwa kanga yake mwenyewe. Halafu akasema maneno ambayo watu wa ng'ambo waliwarithisha watoto wao.

"Mkwe, hukunifagilia ubaya. Ulinifagilia heshima. Ila hukuniuliza kama miguu yangu inaitaka. Na mimi nilikuwa na neno la kukuambia, sikukuambia. Tumemuua sisi wawili, mimi na wewe, na wote wawili tulimpenda."

Wakalia pamoja, kichwa cha huyu begani kwa huyu. Kesho yake wakamzika Sikudhani, wakamwinulia tuta la udongo, na Somoe akaomba tuta lile lisifagiwe. Halikufagiwa.

Siku ya saba Somoe alimbeba mjukuu wake akaenda kwa Mto. Mto akamwambia kwamba siku ile hakuwa amekasirika. Somoe akasema anajua. Mto akamuuliza anataka nini, naye atampa.

Somoe akasema, "Nipe alama ambayo ufagio hauwezi kuidanganya."

Mto akasema, "Sawa. Tangu leo, anayetaka anifagie. Kabla hajafika kwake nitakuwa nimeyajenga matuta tena. Na anayekuja kuvuka asiamini sakafu kwa kukanyaga mara moja. Asimame. Nikimjengea mchanga kisiginoni, avuke. Nikimchimbia mchanga chini ya nyayo, akimbie."

Na ndivyo ilivyo. Kama hamniamini, nendeni mtoni kesho na fagio zenu. Sawazisheni sakafu, halafu simameni kimya, mtaona vituta vinarudi, kimoja kinazaa kingine, bila mtu.

Yule mtoto alikua. Somoe alimfundisha kuvuka kwa kuburuta nyayo, na siku moja wakiwa katikati ya maji, mtoto akauliza mama yake yuko wapi. Somoe akamwambia atulie asikilize kwa miguu. Mchanga ulikuwa unapita, unapanda, unaanguka.

"Mama yako amelala, mwenzangu. Sisi ndio tunaopanda sasa. Na mimi nitaangukia kwake, na wewe utanifunika, na wako watakufunika."

"Halafu?"

Somoe akatazama maji yanakotoka, akatazama yanakokwenda. "Halafu tuta litapita," akasema. "Haya, buruta mguu, twende."

Funzo langu ni fupi. Ukitaka kumheshimu mtu, muulize kwanza njia yake anaipitaje. Na ukiwa na neno la hatari, usimwambie mmoja chumbani, liseme mbele ya mwenye ufagio. Na mgonjwa akisema, msikilizeni, msimpanguse uso tu.

Mimi nimetoka majini, nguo zinachuruzika. Aliyebaki ng'ambo ya hadithi asimame palepale, angoje mchanga kisiginoni, avuke mwenyewe. Na kesho asubuhi mke wangu akiniuliza kwa nini sijafagia uwanja, nyote mmesikia sababu.
— Tumesikia.
Mtanitetea?
— Huko utateleza peke yako.